Jinsi ya kuanzisha ligi ya vyuo vidogo Arusha na Moshi ikadumu zaidi ya msimu mmoja

Wadau habari za leo. Kuna mdogo wangu mmoja ni waziri wa michezo kwenye chuo kidogo tu huku upande wa Tengeru, juzi kanipigia simu saa tatu usiku anasema kaka nataka tuanzishe ligi ya vyuo, vyuo sita, tuanze mwezi ujao. Nikamuuliza unataka ligi au unataka bonanza? Kimya. Nikamwambia lala kwanza, nitakuandikia. Nimeandika ikawa ndefu nikaona bora niiweke wazi, maana huyu sio wa kwanza kuniuliza na mimi mwenyewe nilishawahi kuiua ligi kwa mikono yangu nikiwa na cheo hichohicho.

Tuanze na jina la kitu chenyewe. Bonanza mnalijua: siku moja, spika kubwa, mbuzi mmoja, jezi mpya za mdhamini, jioni watu wanacheza muziki na kesho yake hakuna anayekumbuka nani alishinda. Sio kitu kibaya, ila sio ligi. Halafu kuna yale mashindano ya vyuo ya kitaifa, TUSA na SHIMIVUTA, mnakusanyika kituo kimoja mnalala huko siku kadhaa mnacheza mnarudi. Aliyepita UMISSETA, ile michezo ya sekondari, anaujua mtindo huo. Hiki ninachoongelea hapa ni cha tatu, Wamarekani wanakiita konferensi, yaani vyuo kadhaa vinavyolingana ukubwa na vilivyo karibu vinakubaliana kwa maandishi kwamba sisi kila mwaka tutacheza wenyewe kwa wenyewe, nyumbani na ugenini, kwa sheria zetu, awepo mdhamini asiwepo. Basi. Hakuna siri nyingine.

Wenzetu kitu hiki wanacho siku nyingi. Ya zamani kuliko zote ni ile ya Michigan, inaitwa MIAA, ilianza 1888 na vyuo vinne tu: Albion, Olivet, Hillsdale na chuo cha kilimo cha jimbo. Hicho chuo cha kilimo kikakua, kikawaacha wenzake, kikaondoka 1907, leo ndio Michigan State hao mnaowaona kwenye tivii wanajaza uwanja wa watu zaidi ya elfu 70. Albion na Olivet wapo palepale mpaka leo, bado wadogo, bado wanacheza wenyewe kwa wenyewe. Mimi stori hii naipenda kwa sababu inakufundisha jambo la kwanza kabisa kabla hata hujanunua mpira, nalo ni nani umkaribishe.

CHAGUA KWA UKUBWA NA BARABARA, JINA WEKA PEMBENI

Kosa la kwanza la kila mtu ni kuandika barua kwa vyuo vikubwa ili ligi ionekane ya maana. Unaandikia Chuo cha Uhasibu Njiro, unaandikia Ushirika Moshi, afu pembeni yao unaweka chuo cha mifugo au cha misitu chenye wanafunzi unaoweza kuwajua wote kwa majina. Mechi ya kwanza 9-0. Mechi ya pili wale wadogo wanakuja kumi. Ya tatu hawaji. Na hata yule mkubwa hafurahii, anaona anapotezewa muda, ana mashindano yake ya kitaifa ya kujiandaa. Kwahiyo jiulize hivi: hiki chuo kikileta timu yake ya kawaida na mimi nikaleta yangu ya kawaida, kuna siku nitamfunga? Kama jibu ni hapana kwa miaka mitano ijayo, usimwandikie.

Alafu chukua ramani. Barabara ya Arusha Moshi ni kama kilomita 80, na vyuo vimepangana njiani kama vibanda vya ndizi. Ukianzia mjini una Arusha Technical, ukisogea Tengeru pale pamejaa: kuna Taasisi ya Maendeleo ya Jamii, kuna LITA ya mifugo, kuna Ualimu Patandi, kuna Nelson Mandela ambao ni wasomi wa masta na PhD ila nao wana miguu. Mbele Makumira, Usa River kuna Chuo Kikuu cha Arusha. Upande wa pili wa mji, kule Ngaramtoni, kuna Misitu Olmotonyi. Moshi una Mwenge, una watu wa udaktari wa KCMC, na kule juu mlimani una Mweka wa wanyamapori. Sijasema hawa wamekubali chochote, nakuonyesha tu kwamba kutoka Tengeru mpaka Usa River unaweza kupata vyuo vinne ambavyo timu inaenda kwa daladala na kurudi kula chakula cha jioni bwenini. Huo ndio moyo wa ligi yako. Moshi ongeza kwa hesabu.

Na hesabu yenyewe hii hapa. Chukua Kosta ya viti 29 au 30. Wachezaji wa mpira wa miguu 18, wa pete 9 au 10, mwalimu, mtu wa huduma ya kwanza. Imejaa. Hiyo Kosta kutoka Arusha kwenda Moshi na kurudi ndio gharama kubwa kuliko zote za msimu wako, kubwa kuliko jezi, kuliko marefa, kuliko kombe. Ligi nyingi nilizoona zikifa zilifia kwenye nauli, ugomvi unakujaga baadae tu. Sasa wale jamaa wa Marekani wana ujanja wao. Kuna konferensi moja inaitwa NESCAC, ya 1971, vyuo 11 vya kaskazini mashariki kule, Amherst, Williams, Middlebury na wenzao. Watatu wapo mbali jimbo la Maine: Bates, Bowdoin na Colby. Timu ya hoki ikisafiri kwenda Maine haiendi kwa mechi moja ikarudi, inacheza na Bowdoin siku moja na Colby siku inayofuata, safari moja mechi mbili. Huku kwetu unaweza kugeuza hivi: vyuo viwili vya Tengeru vikodi basi moja kubwa kwa pamoja, kimoja kishuke Moshi mjini kicheze hapo, basi lipande na kingine mpaka Mweka, jioni lishuke likusanye watu. Nauli imegawanywa kwa mbili. Wiki nyingine wa Moshi wanafanya vilevile kuja huku. Tulijaribu mara moja tu na ikakubali, tatizo pekee lilikua timu moja imeshinda na nyingine imefungwa alafu wote wako basi moja, fikiria nyimbo zilivyoimbwa mpaka Kikatiti.

Idadi? Sita. Nane mwisho. Ukianza na kumi na mbili umeshakufa, hata hujui tu.

USIWE NA HARAKA NA WANAOFUNGWA

Kabla sijaendelea niseme kitu kuhusu chuo kibovu, maana kila ligi inakua nacho, na kila kikao kuna mtu atasema tuwatoe hawa wanatuaibisha. Kusini mwa California kuna konferensi inaitwa SCIAC, ya 1915. Humo ndani kuna Caltech, chuo cha wanasayansi hasa, watu wa Nobel, wanafunzi wa digrii ya kwanza kama elfu moja tu. Timu yao ya kikapu ya wanaume ilifungwa mechi 310 mfululizo za konferensi. Mia tatu na kumi. Tangu 1985 mpaka Februari 2011 walipowafunga Occidental 46 kwa 45, pointi moja! Miaka yote hiyo hakuna aliyewafukuza na wao hawakuacha kupeleka timu. Sasa wewe chuo kimefungwa mechi nne unataka kukitoa. Chuo kinachofungwa lakini kinakuja kila Jumamosi kwa wakati na watu kamili ni mwanachama bora kuliko bingwa anayekuja akijisikia.

Na humohumo SCIAC kuna jambo lingine la kuiba. Claremont McKenna, Harvey Mudd na Scripps ni vyuo vitatu tofauti ila wanatoa timu moja, na jirani zao Pomona na Pitzer nao wanatoa timu moja vyuo viwili. Na sio timu za kubahatisha, Pomona-Pitzer wanaume wamechukua ubingwa wa taifa wa mbio za nyika, daraja la tatu la michezo ya vyuo Marekani, 2019, 2021 na 2023. Kwahiyo kama chuo chako hakina wasichana saba wa kucheza pete, au kina wavulana wanane tu wanaojua mpira, usikae nje. Ungana na jirani, mwandike kwenye katiba tangu mwanzo kwamba ni timu moja ya vyuo viwili, mkubaliane jezi rangi gani (hapa mtagombana, jiandaeni), mazoezi zamu kwa zamu. Tengeru hii imekaa kama imetengenezwa kwa ajili hiyo, vyuo unatembea kwa mguu toka kimoja mpaka kingine.

PATA SAINI YA MKUU WA CHUO

Hapa ndipo mimi niliharibu. Mwaka wangu tulikaa mawaziri wa michezo watano, vijana, moto, tukaanzisha ligi kwenye grupu la WhatsApp, ikaenda vizuri ajabu, nusu fainali ilijaa watu mpaka wanapanda miti. Uchaguzi wa serikali ya wanafunzi ukaja, sote tukatoka madarakani kwa mwezi mmoja, waliokuja mmoja alikua anapenda mashindano ya urembo, mwingine hakua na habari kabisa, na mimi nimeondoka na daftari la ratiba kwenye begi langu. Ligi ikaishia hapo. Hakuna aliyeiua kwa makusudi, ilikua tu haina kwao.

Waziri wa michezo anakaa mwaka mmoja. Mkuu wa chuo, mshauri wa wanafunzi, mwalimu mlezi wa michezo, hao wapo. NESCAC ile inaongozwa na wakuu wa vyuo wenyewe, wao ndio wanaokaa na kuamua msimu uwe mrefu kiasi gani, sio makocha. Wewe huwezi kumkalisha mkuu wa chuo kwenye kikao cha kupanga nani analeta chokaa, lakini unaweza kumpata asaini karatasi mbili. Andika katiba ya kurasa mbili, usizidishe, hakuna mtu anasoma ya tano. Iwe na: wanachama ni kina nani, michezo gani, nani anaruhusiwa kucheza, nani analipa nini, anayekosa kuja anafanywaje, na katibu anatoka chuo gani mwaka huu na mwaka kesho. Ukatibu uzunguke kwa vyuo, kwa mpangilio wa herufi za majina yao, na katibu awe mwalimu mlezi na sio mwanafunzi. Mwanafunzi awe msaidizi wake, ndio anayefanya kazi kiukweli, tunajuana.

Unapoenda kumwona mkuu usianze na habari ya ubingwa. Nenda na mwalimu mlezi, salimia vizuri, shikamoo yako iwe ya kusikika, mweleze wanafunzi watakua wapi saa ngapi na watarudi saa ngapi, nani anawajibika, kadi za bima wanazo, basi limekaguliwa. Mkuu anachoogopa ni simu ya saa nne usiku kwamba Kosta imepinduka Maji ya Chai. Ukimjibu hilo kabla hajauliza atasaini. Nakala ya barua mpelekee afisa michezo wa wilaya au jiji, na mwambie mapema, hawa watu wanasaidia sana ukiwahusisha mwanzoni na wanakukwamisha sana ukiwakumbuka kwenye fainali ili waje kukabidhi zawadi.

SIKU ZA KUCHEZA, HAPA KUNA MTEGO

Mtu wa nje anadhani Jumamosi ndio jibu. Chuo Kikuu cha Arusha pale Usa River ni cha Wasabato, Jumamosi hawachezi, kuanzia jua linapozama Ijumaa mpaka linapozama Jumamosi. Makumira ni Walutheri, Mwenge ni Wakatoliki, Jumapili asubuhi ni ibada. Wachezaji wako Waislamu Ijumaa mchana wana swala. Sasa hii sio sababu ya kumwacha mtu nje. Chuo cha Yeshiva cha New York ni cha Kiyahudi, nao Ijumaa jioni na Jumamosi mchana hawachezi, lakini wapo kwenye konferensi yao ya Skyline na mechi zao zinapangwa kukwepa hiyo. Kwahiyo andika kwenye katiba: mechi zinazomhusu Msabato ni Jumapili saa tisa alasiri au Jumatano jioni, nyingine zote Jumamosi. Imeisha. Ukiandika mapema ni ratiba, ukisubiri mpaka wiki ya mechi inakua ugomvi wa dini na huo hauna refa.

Kalenda nayo. Vyuo vingi vinafungua Oktoba au Novemba. Wiki tatu za kwanza watu bado wanahangaika na usajili na wengine wanasubiri boom (hela ya mkopo), usipange kitu. Mwisho wa Februari mpaka mwanzoni mwa Machi Moshi inakua na Kilimanjaro Marathon, uwanja wa Ushirika umeshikwa, nyumba za wageni zimejaa, magari yamepanda bei, weka mapumziko. Aprili na Mei ni masika, viwanja vyetu vingi sio vya majani bali ni udongo, na udongo wa huku mvua ikinyesha unajua mwenyewe, njumu zinabeba kilo mbili mbili. Kisha UE (mitihani ya mwisho), kisha watu wanaenda fildi, mafunzo kwa vitendo, na hurudishi timu tena. Kwahiyo dirisha zuri ni Novemba mpaka kabla ya Krismasi, na kipande cha Januari kabla watu hawajaanza kukesha na notsi. Raundi moja tu. Timu sita, raundi moja ni mechi 15, wiki tano. Timu nane ni mechi 28, wiki saba. Nyumbani na ugenini zote mbili ni 30 na 56, usidanganyike, msimu wa kwanza hamtamaliza. Chezeni raundi moja, mwaka unaofuata mnageuza aliyekua nyumbani anakua ugenini.

Kupanga ratiba watu wanateseka bure. Andika timu A mpaka F kwenye vipande vya karatasi, panga juu A B C, chini yake F E D. Wanaotazamana ndio wanacheza: A na F, B na E, C na D. Wiki ya pili A asisogee, wengine wote wasogee hatua moja kuzunguka kama mshale wa saa. Utapata hivi:

Wiki 1: A-F, B-E, C-D
Wiki 2: A-E, F-D, B-C
Wiki 3: A-D, E-C, F-B
Wiki 4: A-C, D-B, E-F
Wiki 5: A-B, C-F, D-E

Kila mtu kakutana na kila mtu, hakuna aliyerudia. Timu zikiwa tano weka karatasi tupu ya sita, anayekutana nayo anapumzika. Kisha ndio kaa uamue nani nyumbani, hakikisha hakuna mtu ana ugenini tatu mfululizo, na mechi ya Moshi iwe siku ambayo vyuo viwili vya huku vinasafiri pamoja kama nilivyosema pale juu. Kwenye Moshi kumbuka pia kuna joto kuliko Arusha, mechi ianze saa kumi, mkiweka saa saba vijana wa Olmotonyi waliozoea ubaridi wa msituni watazimia.

MAMLUKI

Sasa hapa nikae kidogo. Mamluki, yaani wachezaji wa kukodi wasio wanafunzi, ndio wanaoua heshima ya ligi, na kila chuo kinaapa hakina.

Siku ya fainali ya ligi yetu ile niliyosema, asubuhi nimepanda boda toka soko la Kilombero hapa Arusha kwenda kununua chokaa. Dereva kijana mcheshi, tumepiga stori za Simba na Yanga njia nzima, nikamlipa. Saa kumi jioni timu pinzani inaingia uwanjani, namba tisa wao ni yuleyule. Yaani boda wangu! Kavaa jezi, kaning'iniza kitambulisho cha chuo shingoni chenye picha ya mtu mwingine kabisa mwenye kipara. Nikamfata nikamwambia we si umenipakia asubuhi, akacheka akasema bro maisha, nimelipwa ya mechi nzima. Akatufunga mawili. Chuo chenyewe sikitaji, na refa alisema yeye hana mamlaka ya kukagua kitambulisho, na alikua sahihi, kwa sababu sisi wenyewe hatukuandika popote nani anakagua.

Kwahiyo fanya hivi. Wiki mbili kabla ya mechi ya kwanza kila chuo kilete orodha ya wachezaji 25 wa miguu na 15 wa pete, jina, namba ya usajili, kozi, mwaka, na picha, imegongwa muhuri wa ofisi ya usajili. Muhuri wa serikali ya wanafunzi usiupokee, huo mnajua unakaa mfukoni mwa nani. Orodha ikishafungwa imefungwa, hakuna kuongeza mpaka msimu ujao. Katibu anaweka zote kwenye PDF moja na kila chuo kinapata zote, sio yake tu, ili mimi niweze kumtazama wa kwako kabla hatujacheza. Siku ya mechi, dakika 20 kabla, manahodha wawili na kamisaa wanasimama wanaita jina moja moja, uso na picha. Inachukua dakika tano. Mwenye mashaka aseme hapohapo, baada ya filimbi ya kwanza rufaa ya mamluki haisikilizwi isipokua kuna ushahidi mpya wa maandishi. Adhabu: mechi inapotea kwa mezani, tatu bila, na mara ya pili chuo kinakaa nje msimu unaofuata.

Na andika waziwazi mwanafunzi ni nani. Aliyeko fildi anaruhusiwa? Wa jioni? Aliyemaliza juzi anasubiri mahafali? Wa kozi fupi ya wiki sita? Kule Marekani daraja la tatu wamelimaliza hivi: uwe umesajiliwa unasoma kozi kamili, na una misimu minne tu kwa kila mchezo maisha yako yote ya chuo. Na kikubwa, daraja lile hakuna ufadhili wa masomo kwa ajili ya michezo, hata uwe fundi vipi, unapata msaada kama mwanafunzi mwingine yeyote. Mimi ningependa vyuo vyetu viige hiyo ya misimu, tuna ndugu zetu wana mwaka wa saba chuoni na bado ni nahodha.

HELA

Kwa kifupi maana hapa maneno mengi hayaongezi shilingi. Mgeni analipa usafiri wake. Mwenyeji analipa marefa, maji, chokaa na anatoa mtu wa huduma ya kwanza mwenye boksi lenye vitu ndani, nimeona maboksi yenye panado na charger. Kila chuo kinatoa ada ya uanachama kabla ratiba haijatoka, asiyetoa haonekani kwenye ratiba, msione aibu. Na kila chuo kiweke dhamana, kiasi kinacholingana na nauli ya Kosta moja ya Moshi. Usipokuja ugenini bila taarifa ya siku tatu, dhamana yako anapewa uliyemweka uwanjani, na huchezi tena mpaka uijaze. Tangu niione hiyo sheria mahali inafanya kazi, sijasikia tena gari limeharibika. Ajabu magari yalivyopona.

Marefa nenda kwenye chama cha waamuzi cha wilaya, wa pete uliza CHANETA (chama cha netiboli) wa mkoa, usichukue mwalimu wa chuo mwenyeji hata awe mtakatifu. Walipwe kabla ya mechi, taslimu au kwa simu, mbele ya manahodha wote wawili. Anayesubiri kulipwa baada ya mechi anachezesha akiwa anaangalia mwenyeji usoni.

Pete iwe ndani tangu siku ya kwanza, basi lilelile, siku ileile, ianze saa nane na nusu, robo nne za dakika 15 inaisha miguu inaanza. Sio ya kuongeza mwakani. Kwanza uwanja wake hauna kisingizio, mita 30 na nusu kwa 15 na robo, kila chuo kinapata kipande hicho. Wavu pia, 18 kwa 9, chuo kisicho na uwanja wa mpira wa miguu kinaweza kuwa mwenyeji wa wavu kisijisikie mnyonge.

SHERIA YA WALIOLINGANA POINTI

Iandike kabla ya mechi ya kwanza. Tulikua na timu mbili zenye pointi 10 kila mmoja, moja inasema tofauti ya magoli, nyingine inasema walipokutana sisi tulishinda, na wote wawili wako sawa kwa sababu kila mmoja alikua ameiga ligi anayoangalia kwenye tivii. Kikao kilianza saa nane kikaisha saa mbili usiku na kuna mtu aliondoka na mipira. Mimi napendekeza walipokutana kwanza, kisha tofauti ya magoli, kisha magoli ya kufunga, kisha shilingi irushwe. Ya magoli kwanza inawafanya watu wammalizie yule mdogo 11-0 kutafuta magoli, na huyo mdogo ndio unamtaka arudi mwakani.

Matokeo kila mechi katibu ayapokee kabla ya saa mbili usiku, yenye saini za manahodha wote wawili, apige picha karatasi, aweke msimamo kwenye grupu usiku huohuo. Usiache mpaka Jumatatu, watu wakilala na hesabu zao wenyewe wanaamka nazo.

Kombe nunueni moja tu, dogo, la kuzunguka, lichongwe jina la bingwa kila mwaka kwenye kitako. Siku ya mechi ya mwisho, kabla hamjalikabidhi na kabla muziki haujaanza, walezi wote wakae dakika 15 darasani watie saini tarehe ya mechi ya kwanza ya Novemba ijayo na chuo kinachochukua ukatibu, daftari na PDF vikabidhiwe hapohapo mkononi. Mdogo wangu wa Tengeru, hiyo ndio ifanye hata kama mengine yote umesahau, na daftari lisiingie kwenye begi lako.